MUNGANGA ADRIEN ATIMAN: MTOTO ALIYEUZWA, AKAWA DAKTARI KANDO YA ZIWA TANGANYIKA



Kila mara tunasimulia maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia, ili watoto wetu wamjue na wazee wakumbuke. Safari hii tumechagua mtu ambaye hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa Mkatoliki, tena alikufa zamani, mwaka 1956, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wengine watauliza, kwa nini huyo? Tunawaomba msome mpaka mwisho. Sababu ipo, nayo imetuuma sisi wenyewe mwaka huu.

MTOTO WA MTO NIGER

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866, kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Wakati ule hapakuwa na Wafaransa pale. Watu walilima, walivua samaki, walifuga, na walisafiri kwa mitumbwi mtoni, sawasawa na wazee wetu wa Lualaba.

Akiwa bado mtoto mdogo alikamatwa na Watuareg, watu wa jangwani wapandao ngamia, akachukuliwa utumwa. Hakupata nafasi ya kuaga mama wala baba, na tangu siku ile hakuwaona tena. Aliuzwa, akavushwa jangwa la Sahara kuelekea kaskazini. Kutoka Timbuktu mpaka bahari ya Algeria ni zaidi ya kilometa 2,000. Ni mbali kuliko kutoka hapa Kampene mpaka Unguja. Katika njia hiyo maji ni machache kuliko mchanga, na wengi walioanza safari hawakuimaliza.

Sisi watu wa Maniema hatuhitaji kufundishwa habari hii. Miaka ileile Atiman alipokuwa akivushwa jangwani, babu na bibi zetu walikuwa wakifungwa kamba shingoni huko Nyangwe na Kasongo, wakipitishwa Kabambare mpaka ziwani, wakavushwa Ujiji, wakafika Tabora na pwani. Soko la Nyangwe linajulikana duniani kote kwa damu iliyomwagika pale Julai 1871, Livingstone akiona kwa macho yake. Hata Kiswahili hiki tunachosali nacho kilitufikia kwa njia ileile ya minyororo. Mungu ametupa lugha njema kwa njia mbaya, nasi tunamshukuru kwa lugha bila kuisifu njia.

BAHARI KUBWA

Huko Algeria mtoto Atiman alikombolewa na Mapadri Weupe, yaani walilipa bei yake kwa mfanyabiashara, wakamchukua. Shirika la mapadri hao lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa mji wa Algiers, Charles Lavigerie, mtu wa Ufaransa. Lilianza na watoto yatima wa njaa kubwa iliyoipiga Algeria miaka ya 1867 na 1868, kisha likaanza kukomboa watoto wa utumwa waliotoka kusini.

Hapo ndipo Atiman alipoiona bahari kwa mara ya kwanza. Ni ile ambayo Biblia inaiita Bahari Kubwa, nasi leo tunaiita Mediteranea. Ni vema tuieleze kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaisoma katika Maandiko bila kujua iko wapi.

Bahari hii imekaa katikati ya nchi kavu. Kaskazini ni Ulaya, mashariki ni Asia, na kusini ni Afrika. Ukubwa wake unapita kidogo ukubwa wa Kongo yetu nzima. Hali yake ya hewa ni kinyume cha msitu wetu: mvua inanyesha wakati wa baridi, na wakati wa joto hakuna tone kwa miezi mingi. Kwa hiyo hawategemei muhogo wala ndizi. Wanapanda ngano, mzabibu na mzeituni. Jinsi sisi hatuwezi kupika sombe bila mafuta ya mawese, wao hawawezi kupika bila mafuta ya zeituni. Mafuta hayo ndiyo yaliyowasha taa za wanawali kumi, na ndiyo Msamaria mwema aliyomimina penye majeraha pamoja na divai. Mkate, divai na mafuta ni chakula cha kila siku cha watu wa pwani ile, na Bwana wetu alifundisha kwa vitu walivyokuwa navyo mezani.

Tena tukumbuke jambo moja. Watu wengi hapa kwetu wanafikiri kwamba bahari ile ni ya Wazungu. Sivyo. Pwani yake yote ya kusini ni Afrika. Simoni aliyebeba msalaba wa Bwana alikuwa mtu wa Kirene, katika nchi ya Libya ya leo. Apolo mhubiri hodari alitoka Aleksandria, Misri. Augustino, mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste na kufa mwaka 430 huko Hippo, miji yote miwili ikiwa ndani ya Algeria ya leo. Injili ilihubiriwa na kuandikwa vitabu katika Afrika kabla ya nchi nyingi za Ulaya kuisikia.

Basi mtoto wa mto Niger akajikuta kwenye pwani hiyo, akiwa na jina jipya la ubatizo, Adrien, pamoja na jina Atiman, ambalo hakuliacha mpaka kufa.

Je, hakuweza kurudishwa kwao? Njia ilikuwa imefungwa. Mwaka 1876 mapadri watatu waliotumwa kuelekea Timbuktu waliuawa jangwani. Mwaka 1881 wengine watatu wakauawa. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumrudisha mtoto kwa njia ileile iliyomleta.

MASOMO KATIKA KISIWA CHA MELITA

Lavigerie alikuwa na shauri. Aliona kwamba Mzungu akifika kijijini Afrika, watu wanamwogopa au wanamkimbia. Lakini munganga anapokelewa na kila mtu, kwa sababu ugonjwa hauchagui kabila wala dini. Tena aliona Wazungu wanakufa upesi kwa homa. Akaamua kufundisha vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wawe madaktari na wakatekista pamoja, waoe, wakae kati ya watu, wale chakula cha watu na kuvaa kama wao. Mahali pa kuwafundisha alichagua kisiwa cha Malta. Shule ilifunguliwa mwaka 1881, na Atiman akawa mmoja wa wanafunzi wake.

Malta ndicho kisiwa cha Melita katika Matendo ya Mitume. Hapo ndipo meli ya Mtume Paulo ilipovunjika, na wenyeji wakawapokea watu wote waliookoka majini, wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Hapo nyoka alimshika Paulo mkononi, naye hakudhurika. Hapo pia Paulo alimwekea mikono baba yake Publio, aliyekuwa na homa na kuhara damu, akapona, na wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja wakaponywa. Fikirini, ndugu: kijana aliyekuwa mtumwa alipelekwa kujifunza kutibu homa na kuhara katika kisiwa kilekile.

Ni mahali padogo. Visiwa vyote vya Malta pamoja vina kilometa za mraba 316 tu, na Maniema yetu peke yake inapita 130,000. Hakuna mto hata mmoja wa kudumu. Udongo ni haba, jiwe ni jingi, nalo ni jiwe laini la rangi ya asali, ambalo wanalikata kwa msumeno na kujengea nyumba, ngome na makanisa. Wavuvi wao wanachora macho mawili mbele ya mashua, kuomba ulinzi baharini.

Lugha yao ingewashangaza. Ni Wakristo tangu zamani, lakini lugha yao imezaliwa na Kiarabu. Kwa sababu hiyo wana maneno ambayo sisi tunayajua. Kitabu wanaita ktieb. Dunia wanaita dinja. Na daktari wanamwita tabib, ndiyo tabibu yetu. Tunaweza kuwaza kwamba baadaye, alipojifunza Kiswahili, Atiman alikutana na maneno hayo kama mtu anayekuta jamaa zake ugenini.

Kisiwa hicho kilikuwa na sifa ya kutunza wagonjwa. Kuanzia mwaka 1530 mpaka 1798 kilitawaliwa na Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, ambao walijenga hospitali kubwa katika mji wa Valletta. Chumba chake kirefu kilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 150, na wagonjwa walipewa chakula katika vyombo vya fedha, hata maskini. Masomo ya udaktari yalianza Malta mwaka 1676. Atiman alipofika kisiwa kilikuwa chini ya Waingereza, lakini masomo ya Chuo Kikuu yalifundishwa kwa Kiitaliano. Kijana huyo alilazimika kuzishika lugha za watu wengine, moja baada ya nyingine, ili apate kujua mwili wa mwanadamu unafanyaje kazi. Alisoma huko mpaka mwaka 1888.

KAREMA, MIAKA 67

Mwaka huo wa 1888 alitumwa Afrika ya kati. Meli ilimfikisha Unguja, na kutoka pwani akatembea kwa miguu pamoja na msafara, zaidi ya kilometa 1,000, mpaka Ziwa Tanganyika. Karema aliifikia mwaka 1889. Mji huo uko kwenye pwani ya mashariki, upande wa Tanzania ya leo. Ngome yake ilijengwa na Wabelgiji kuanzia mwaka 1879, na mwaka 1885 walikabidhi mahali pale kwa Mapadri Weupe. Wenzake wengine waliosoma Malta walitumwa ng'ambo ya pili, upande wetu wa Kongo.

Tufikiri hali aliyoikuta. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea. Vita vya kuwaondoa mabwana wa Nyangwe na Kasongo vilikuwa havijaanza. Karema ilikuwa na watoto wengi waliokombolewa, na bila shaka mbele ya macho yake alikuja kuona watoto wenye njia ileile aliyopita yeye, ila wao walitoka magharibi ya ziwa, kwetu. Mtu aliyewafunga vidonda vya kamba alikuwa mtu aliyeijua kamba.

Hakuwa na hospitali ya kuta. Alikuwa na sanduku la dawa, visu vya kupasulia, kinini kwa ajili ya homa, na mikono yake. Magonjwa yalikuwa mengi: ndui, kuhara, vidonda vya miguu, na miaka ya kwanza ya karne ya 20 malale iliua watu wengi kando ya ziwa. Watawala walibadilika juu ya kichwa chake. Walikuja Wajerumani, wakaondoka kwa vita vya 1914–1918, wakaja Waingereza. Yeye akabaki palepale Karema.

Alioa binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, jina lake la ubatizo Agnes. Hilo si jambo dogo. Mtu asiye na ukoo, asiye na baba wa kumposea, asiye na kaburi hata moja la jamaa katika nchi ile, alipewa mke na wenye nchi. Walimpata mtoto wa kiume, Joseph, naye akawa padri, miongoni mwa mapadri weusi wa kwanza wa sehemu zile. Hivyo mtu aliyekatwa kutoka ukoo wake akawa mwanzo wa ukoo.

Shule ya Malta haikudumu. Ilifungwa mwaka 1896, na shauri la Lavigerie likafa pamoja nayo, miaka minne baada ya kufa kwake mwenyewe. Lakini Atiman aliendelea. Mwaka 1946 maisha yake, yaliyosimuliwa na yeye mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika. Katika uzee wake alipewa nishani za heshima. Alikufa Karema mwaka 1956, mwenye umri wa miaka karibu 90, baada ya kutumika miaka 67 mahali pamoja. Leo mjini Sumbawanga iko hospitali yenye jina lake.

JAMBO LINALOTUSUMBUA

Hatutaki kupamba habari hii kupita kiasi. Wasomaji wenye akili watauliza: je, mtoto huyu alikuwa huru? Aliibwa na wengine, akanunuliwa na wengine, akapewa jina, dini, kazi na nchi ya kwenda, na katika hayo yote hatuoni mahali alipoulizwa kwanza. Hilo ni kweli, na si vema kulifunika. Waliomkomboa walimtendea mema, lakini walimpangia maisha. Sisi ambao baba zetu walipangiwa dini, majina na vijiji na Wabelgiji, tunaijua ladha ya jambo hilo. Tunachoweza kusema ni hiki: kukaa miaka 67 ni uchaguzi wa mtu mwenyewe. Hakuna bwana aliyemfunga Karema muda wote huo.

Tena kuna jambo la pili. Mwaka 1921, Atiman akiwa Karema na sanduku lake, huku Kongo Simon Kimbangu alikuwa akiwaombea wagonjwa huko Nkamba. Aliyetibu kwa dawa za Wazungu alipewa nishani. Aliyeombea wagonjwa kwa jina la Yesu alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Kwa sababu hiyo wazee wetu wengi wa makanisa ya kinabii waliona dawa na gereza kuwa vitu vya mtu mmoja. Waliona sindano mkononi mwa yule aliyeshika fimbo. Hatuwalaumu. Walikuwa na haki ya kuogopa.

Lakini sasa tuseme yaliyotupata. Mwaka huu katika kikundi chetu kimoja cha sala mtoto wa miaka minne alishikwa na homa kali. Tulimwombea siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mama yake aliuliza kama ampeleke kwenye kituo cha afya. Kati yetu walikuwepo waliomwambia kwamba kwenda kwa munganga ni kuonyesha imani ndogo. Mama akanyamaza. Usiku wa tatu mtoto akafa. Hatuandiki jina lake, lakini sisi tulikuwepo, na baadhi yetu tunaoandika karatasi hii tulikaa kimya tulipopaswa kusema.

Ndiyo maana tumesimulia habari za Atiman. Hakuwa munganga tu. Alikuwa katekista pia. Alifundisha sala na kufunga vidonda, na hatuoni kwamba mkono mmoja uliukataa mwingine. Luka aliyeandika Injili na Matendo alikuwa tabibu, na alikuwa katika safari ile ya Melita. Paulo aliweka mikono na kuomba, na Luka tabibu alikuwa pembeni yake. Wala hatusomi mahali ambapo Paulo alimfukuza. Dawa za Karema zilitoka ng'ambo ya bahari, lakini mkono uliozitoa ulikuwa wa mtoto wa Afrika. Hatuwezi kusema tena kwamba dawa ni ya wale walioshika fimbo.

Na kuna neno moja la mwisho, kwa wazazi. Katika vita vilivyopita juu ya nchi yetu tangu mwaka 1996, watoto wengi wa Maniema walichukuliwa na watu wenye bunduki. Wengine hawakurudi. Wengine wamerudi wakiwa wakubwa, wamenyamaza, na watu wanawaogopa barabarani, wanasema hao wameharibika. Atiman naye alichukuliwa na watu wenye silaha akiwa mtoto. Kama mtu angemtazama siku ile jangwani, vumbi usoni, angesema maisha yake yamekwisha. Maisha yake hayakuwa yamekwisha. Ilikuwa bado miaka 80.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili, ndugu zetu. Mtoto akishikwa na homa, tuombe, na tunapoomba tumbebe mgongoni twende naye kwa munganga, siku ileile, wala asiwepo wa kumzuia mama. Na kijana aliyerudi kutoka msituni apewe kiti katika ibada na nafasi shuleni, kama Wabende walivyompa mgeni nyumba na mke.

Bwana awabariki, awalindie watoto wenu. Amina.